Mstari wa Biro kwenye Paja la Mwaitu

Jumapili, 4 Julai 1999

Daftari jipya. Lile la zamani liliisha wiki ileile kazi ilipoisha. Miaka kumi na tisa nimepiga deki wadi za Nairobi, halafu barua moja: asante sana Peris, nenda nyumbani. Haya. Nimekuja nyumbani Mitaboni na nguo zangu, na jerikani ya lita tano ya dawa ya kuua vijidudu, ile ya kahawia. Sikuiba — supavaisa alinipa mwenyewe tukiagana.

Wiki ya tatu sasa nakaa na Mwaitu. Mama yangu mzazi, miaka sabini na mbili, mkaidi kuliko mimi, na mimi si mchezo.

Leo baada ya kanisa nimemwogesha tena. Siku ya kwanza nilipoliona paja lake la kulia nilishtuka. Ni hapo anaposokotea uzi wa mkonge wa vyondo, vile vikapu vyetu vya kufuma. Anaketi, anavuta leso juu, analaza nyuzi mbili kwenye paja tupu, mkono unakwenda mbele, unarudi, na majivu kidogo ili uzi usiteleze. Miaka hamsini, paja lilelile. Hapo mahali pamekuwa peusi, pagumu, panang'aa, hakuna unywele hata mmoja. Na jioni, badala ya kuoga kama watu, anapapaka mafuta ya mbarika juu ya majivu yote. Uchafu wa tangu enzi za mkoloni.

Mimi ninawajua vijidudu. Nimekula mshahara wao miaka kumi na tisa. Kwa hivyo kila asubuhi: maji moto, sabuni ya mche, jiwe la kusugulia visigino, kisha dawa ya kahawia. Kazini tulikuwa tunaipunguza na maji, kifuniko kimoja ndoo nzima. Lakini hiyo ilikuwa ya sakafu. Mama yangu si wa kupunguziwa.

Mafuta ya mbarika nimeyaficha juu ya kabati. Yanakamata vumbi.

Kamanthe, jirani, alipita nikiwa katikati ya kazi. Akasimama, mikono kiunoni. Akauliza kama naosha mtu ama naosha sufuria. Nikamwambia aende akaoshe zake.

Mwaitu anasema inachoma. Nimemwambia kuchoma ndiko kufanya kazi. Ngozi imekuwa laini, imekwajuka kidogo, inapendeza. Nimefurahi kweli. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua nimejiona niko na maana.


Alhamisi, 8 Julai

Baridi na upepo mkavu. Kila mtu amekuwa mweupe miguuni.

Mwaitu hasikii la mtu, anasokota tu. Harusi ya Syombua, binti wa kaka yangu Nzioka, ni tarehe kumi na nne mwezi ujao. Syombua ndiye aliyepewa jina la Mwaitu. Na kwetu msichana haondoki nyumbani bila kiondo cha uzi uliosokotwa kwenye paja la nyanya yake. Si uzi wa duka. Paja la nyanya. Nyanya yangu alinisokotea mimi, na mume akaenda zake, lakini kiondo bado ninacho.

Leo nimeona uzi una madoa mawili mekundu. Nikaangalia paja. Pamechubuka, panavuja maji kidogo. Nikasema unaona sasa, huo ni ule uchafu wa zamani unatoka. Nikaongeza dawa. Mwaitu aliuma leso.


Jumapili, 11 Julai

Kanisani sikuenda. Paja limevimba. Pana moto ukiweka kiganja, na ngozi imevutika hadi inang'aa.

Nimekimbia dukani kwa Mutiso, nikanunua zile kapsuli za rangi mbili, nyekundu na njano. Nikazifungua, nikamwaga unga juu ya kidonda. Kila mtu hufanya hivyo. Hata wadini nimeona watu wakiletewa na jamaa zao, sista akigeuka wanamwagia. Unga umekauka juu, umeshika vizuri. Angalau kimefunga.

Mwaitu hajala. Anasema kinywa ni kichungu.


Jumatatu, 12 Julai

Naandikia kwenye benchi la hospitali, nje ya wadi ya wanawake.

Asubuhi nimemkuta anatetemeka hadi kitanda kinalia. Anaongea na baba, na baba alikufa mwaka wa themanini na tatu. Nimefunua leso. Wekundu umeshika paja lote upande wa mbele, na kutoka hapo kuna mstari mwekundu unapanda, mwembamba, unaenda kinenani. Na kinenani ametoka mtoki, mkubwa, ukigusa analia. Mwaitu halii. Sijawahi kumsikia.

Nilipiga kelele. Kamanthe alikuja na kanga moja tu, akaangalia, hakunikumbusha habari ya sufuria. Alikwenda kuamsha pikapu yake ya kupelekea nyanya sokoni. Tumemlaza nyuma kwenye magunia, nimemshika kichwa njia yote.

Daktari anaitwa Gatimu. Kijana, sauti ya chini, kucha fupi. Alibonyeza, akanusa, akaangalia ule mstari, akaacha kuongea nasi akaanza kuongea na sista. Sindano. Dripu. Kisha akatoa biro mfukoni, ya buluu, akachora. Alizungusha mstari kwenye ngozi ya mama yangu, pale wekundu unapoishia, pole pole, kama mtu anachora ramani ya shamba. Akaniambia: bakteria wameingia chini ya ngozi, wanatembea. Wekundu ukibaki ndani ya mstari, dawa inashinda. Ukivuka, tutaongea tena.

Nikauliza tutaongea nini. Akasema tungoje kwanza.

Halafu akauliza kidonda kilianzaje. Nani humwosha, na humwosha na nini. Nikafungua mdomo. Mwaitu alikuwa amefumba macho, meno yanagongana, nami nilidhani hayuko nasi. Akasema: "Najiosha mwenyewe. Ni mkonge ulinikata."

Daktari akaandika kwenye karatasi. Mkonge.

Na mimi nikafunga mdomo.


Jumanne, 13 Julai

Umevuka.

Vidole viwili upande wa juu. Nimepima na vidole vyangu mara tatu, nikitumaini vimekonda.

Daktari amekitoa kigaga cha ule unga. Alimwagia maji ya chumvi, akakiinua na koleo, na chini yake — usaha, nusu bakuli. Akauliza ni nini hiki cha rangi ya njano. Hapo nikasema, ni kapsuli, nilimwagia mimi. Hilo moja nilisema. Akaniambia kwa upole kwamba nilifunika chungu na moto uko chini. Unga ule hauingii ndani, unafunga tu mlango, na bakteria wanaendelea kuzaana gizani.

Amebadilisha dawa, wanaweka mbili sasa. Akachora mstari wa pili, nje ya ule wa kwanza. Sista amepima mkojo, sukari hakuna, tumshukuru Mungu kwa hilo.

Kwenye kitanda cha pembeni kuna mama kutoka Kivaa aliyekatwa mguu. Si wa ugonjwa huu, wa sukari. Lakini nimeuangalia ule mwisho wa blanketi pale lilipolala bapa, nikaenda kuugusa mguu wa Mwaitu chini ya shuka.

Ni mimi. Wacha niandike hapa kwa sababu hapa hakuna mtu. Si mkonge. Mkonge umekaa na lile paja miaka hamsini na haujalifanya kitu.


Jumatano, 14 Julai

Mstari wa pili haujavukwa. Lakini wekundu haujarudi nyuma pia. Homa iko palepale.

Nimekaa naangalia biro tu. Sijasali namna hii tangu nizaliwe, na maneno yote niliyonayo ni "usivuke".


Alhamisi, 15 Julai

Ameitisha muthokoi.

Naandika tena nione vizuri. Saa moja asubuhi nimeingia, nimemkuta ameketi, jasho limelowesha shuka yote, na macho ni yake. Akaniuliza mbona nimevaa sweta nje ndani. Kisha akasema uji wao ni maji ya kuoshea vikombe, anataka muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na uwe na maharagwe mengi.

Homa imeshuka. Sista alinionyesha kipimajoto mwenyewe, bila kuombwa. Nilikaa kwenye sakafu. Sakafu ya wadi, mimi, ambaye nilikuwa nagombeza watu wasiweke hata mkoba chini. Nikalia hadi yule mama wa Kivaa akanirushia taulo lake.

Nimepika kwa shemeji yake Kamanthe aliye hapa karibu. Mwaitu amekula bakuli mbili. Nimemhesabia kila kijiko kikiingia. Woi, Mungu, asante.


Ijumaa, 16 Julai

Wekundu umerudi ndani ya mstari wa pili! Na upande wa goti umerudi hata ndani ya ule wa kwanza. Kuna kipande cha ngozi ya kawaida kati ya biro na wekundu, upana wa kidole changu kidogo, na nimekiangalia kipande hicho asubuhi yote. Ngozi tu, ya kahawia, imekunjamana kidogo. Sijaona kitu kizuri zaidi mwaka huu.

Mstari wa kinenani umepotea. Mtoki umelainika.

Daktari Gatimu alipomaliza mzunguko aliniita pembeni, penye dirisha. Akauliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia, usafi, hospitali, miaka kumi na tisa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Akasema mguu wa kushoto wa mama pia umechubuka, haujavimba lakini umekauka, umepasukapasuka hadi nyuma ya paja. Na mtu wa miaka sabini na mbili hawezi kujipinda akasugua nyuma ya paja lake namna ile.

Hakungoja niseme.

Akanieleza, na sitaki kusahau, kwa hivyo naandika yote. Ngozi ya juu kabisa imekufa, lakini haiko bure. Imepangwa safu juu ya safu, kama maganda yanayofunika hindi, na katikati ya safu kuna mafuta ya mwili yenyewe yanayoziba nyufa. Jasho nalo lina uchachu kidogo, na vijidudu vibaya hawapendi uchachu. Halafu juu ya hayo yote kuna vijidudu wengine, maelfu kwa maelfu, wasiotudhuru, wanaoishi hapo tangu tuzaliwe. Wamekalia kila nafasi, wanakula chakula chote, mgeni akija hapati pa kukaa. Nikamuuliza, daktari, unaniambia ngozi safi ina vijidudu? Akasema iliyo nzima inao. Hao ni watu wa nyumbani.

Sabuni kali, jiwe na dawa nzito kila siku zinaondoa safu, zinaondoa mafuta, zinaondoa uchachu, zinafukuza wa nyumbani. Halafu uzi wa mkonge unapita mara mia tano kwa siku. Hapo mlango uko wazi na ndani hakuna mwenyewe. Mwaitu alishamweleza habari ya mafuta ya mbarika; akasema mama alikuwa anajua anachofanya. Majivu yanakausha, mafuta yanarudisha.

Kisha akasema: sakafu ukiisugua hadi mwisho, hakuna anayeishi pale. Ngozi si sakafu.

Hakusema kwa ubaya. Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikabaki dirishani nikiangalia watu wakianua nguo. Nimemsugua mama yangu kama sakafu. Na amepona — anapona — na mimi nilikuwa na furaha na aibu pamoja, siwezi kusema ipi ilikuwa kubwa. Furaha, nafikiri. Ndiyo. Furaha ilikuwa kubwa.


Jumapili, 18 Julai

Wageni wa kanisani wamejaa, mchungaji ameomba, wamemwachia Mwaitu ndizi na soda asizokunywa. Kila anayekuja anaonyeshwa mistari ya biro. Analifunua paja bila aibu, anawaelezea: hapa ndipo walifika, hapa ndipo walirudishwa. Sista alitaka kuifuta kwa spiriti. Mwaitu amekataa. Amesema hiyo ni mipaka yake.

Kamanthe ameleta mafuta ya mbarika, kijichupa, ameyaficha kwenye kikapu cha ndizi kama pombe. Tukamuuliza daktari. Amesema kwenye kidonda hapana, kwenye visigino na ule mguu mwingine sawa, mradi ni kidogo. Basi nimempaka mimi. Pole pole, na kiganja tu. Mwaitu alifumba macho. Kamanthe akaniangalia nikipaka, akasema kumbe mikono yangu inajua kazi nyingine. Nikamwacha aseme. Ameendesha pikapu ile na vumbi hadi hapa mara nne, na aseme.

Nzioka naye amekuja kutoka Athi River, na suti. Nzioka ni kifungua mimba, na tangu baba aondoke neno lake ndilo la mwisho nyumbani kwetu. Alisimama miguuni pa kitanda, akasoma ile karatasi ya daktari. Akasema: "Mkonge. Nilijua." Akasema mambo ya vyondo yamekwisha, mama hagusi mkonge tena maisha yake. Syombua atanunuliwa kiondo kizuri mjini. Halafu akanigeukia, akanishika bega mbele ya watu wote. Akasema Mungu alinirudisha nyumbani kwa sababu. Eti bila mtu wa hospitali pale nyumbani, mama angekufa.

Watu wakasema amina.

Mwaitu aliangalia dripu. Mimi niliangalia dripu. Kamanthe akakohoa.


Jumanne, 20 Julai

Nyumbani! Ametembea mwenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni, mkono wangu mmoja tu, na ule aliushika kwa sababu niliulazimisha. Kuku wamemkimbilia. Amewatukana kila mmoja kwa jina lake.

Vidonge vya siku saba, kuosha kidonda na maji ya chumvi yaliyochemshwa, kufunga na kitambaa safi. Sabuni ya kawaida, kidogo, mahali penye haja. Basi. Ni kazi ya dakika kumi. Zamani nilikuwa namaliza saa nzima.

Jerikani nimeipeleka chooni. Huko kuna sakafu.

Leo nimelala mchana saa mbili nzima bila kuota kitu. Nilipoamka nilimsikia nje akigombana na Kamanthe juu ya rangi ya mshipi wa kiondo. Nikajilaza tena nisikilize tu.


Ijumaa, 23 Julai

Kidonda kinajaza nyama kutoka chini, nyekundu safi, haina harufu. Pembeni ngozi mpya inaingia, nyembamba. Mistari ya biro imekwajuka, imebaki kama kivuli.

Kiondo kiko nusu. Kimening'inia msumarini juu ya kitanda chake na nyuzi zimetoka nje pande zote. Mwaitu anakiangalia asubuhi, anakiangalia jioni. Mkonge wote uko kwenye gunia nyuma ya mlango. Hajaugusa, kwa sababu mwanawe amesema.

Leo nilivuta sketi nikakaa chini, nikajaribu kusokota. Mimi mwenyewe, paja langu. Nilipata kitu kama mkia wa panya, na paja likawasha hadi machozi. Mwaitu alicheka akashika mbavu. Akaniambia nimepaka majivu mengi, nimekaza mkono, na nimekaa kama mtu anayengoja basi. Kisha akanishika mkono akaupeleka: mbele, nyuma, achia. Mbele, nyuma, achia. Nimepata urefu wa mkono mmoja unaofaa. Akanipaka mafuta ya mbarika mwenyewe, bila kuuliza, kama anapaka mtoto.

Nikamuuliza ilichukua muda gani paja lake kuzoea. Akasema, mwaka mzima, na mama yake hakumruhusu kuharakisha.


Jumapili, 25 Julai

Nimemuuliza. Nilingoja hadi Kamanthe aende.

Nikasema, Mwaitu, kwa nini ulimwambia daktari ni mkonge. Nilidhani atasema neno kubwa, la mama na mtoto. Akasema aliogopa watanifukuza wadini, abaki peke yake na watu asiowajua, na ule uji wao.

Tulicheka, sitaki kudanganya. Tulicheka vizuri.

Halafu akaacha. Akasema nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi nimenyamaza kama mtu aliyefiwa, nikipika sionji, nikiitwa siitiki. Siku niliyoanza kumwosha ndiyo siku ya kwanza nilianza kuimba tena. Sikujua nilikuwa naimba. Akasema inachoma, lakini Peris anaimba, wacha ichome.

Nilitoka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Niliporudi nikamwambia nitamweleza Nzioka. Akasema ninyamaze tu, ameshakuwa mzee, kiondo si kitu. Alisema hivyo macho yakiwa msumarini.


Alhamisi, 29 Julai

Nzioka amepiga simu dukani kwa Mutiso. Nilikimbia nikapokea nikihema. Anakuja Jumamosi na Syombua. Ataondoa ule mkonge, auchome au autupe, asiuone tena kwenye boma lile. Kiondo cha dukani ameshanunua, cha nailoni, rangi kama za bendera. Akanishukuru tena. Akasema watu wa Athi River wote wanasikia habari zangu.

Nilikuwa na mdomo na simu na kila kitu. Nikasema, sawa, tutawangoja. Mutiso alikuwa anasikiliza, hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Kidonda: kimebaki ukubwa wa kifuniko cha soda. Kikavu. Usiku wote Mwaitu anakoroma.


Jumamosi, 31 Julai

Asubuhi nimeosha kidonda, pengine mara ya mwisho. Ngozi imekutana katikati. Ni nyembamba, inang'aa, lakini imefunga. Nimeigusa na kidole kikavu na hakikulowa. Mwaitu ameinama akaangalia mwenyewe kwa muda. Akasema, wamerudi. Nikauliza nani. Akasema, si hao watu wa nyumbani wa daktari wako.

Nimejaa raha hata sijui niiweke wapi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimemshika kichwa juu ya magunia ya nyanya. Leo ananiagiza chumvi.

Amevaa gauni la kanisani. Amekaa nje kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, haina kazi. Sijawahi kuona mikono ile bila kazi mchana. Gunia la mkonge ameshalitoa mwenyewe, ameliweka karibu na lango, ili mwanawe asipate taabu.

Hiyo ndiyo imenimaliza. Nilimwona akiliburuta, na kila hatua mbili anapumzika.

Nimekwenda chooni nikaitoa jerikani. Nimeifuta. Imebaki chini ya nusu, na kila mtu anajua ilikuja imejaa. Nimeileta ndani, nimeiweka katikati ya meza kubwa, pale pa thamosi, na kando yake nimeweka lile jiwe la visigino. Thamosi na vikombe nimevisogeza pembeni. Halafu nimekaa hapa na daftari.

Nimefikiria niseme nini. "Nzioka, kabla ya chai." Hapo tu ndipo ninapofika.

Gari linasimama langoni. Namsikia Syombua akicheka, anaita nyanya, nyanya. Nzioka anauliza gunia ni hili.

Mwaitu ameingia kuchukua vikombe. Ameiona jerikani. Ameliona jiwe. Ameniangalia mimi, na vikombe mkononi. Hakusema nivirudishe chooni. Amekwenda msumarini, ametoa kile kiondo, na ameketi nacho kando yangu, anangoja nianze.